Faini ya Nyumba ya Gumbo

Haya niliyapata kwa Muchaneta mwenyewe, mwaka jana wakati wa kupura ulezi, tukiwa wawili tu uwanjani na mtoto wake amelala kivulini. Sikumuuliza. Alianza tu, kama mtu anayeokota kitu alichokiangusha hapo zamani, nami nikaendelea kupura na kusikiliza.

Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tano. Baba yake alirudi na ukimwi kutoka mgodini, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba. Kisha mama yake akamfuata. Wakabaki watatu: yeye, mdogo wake Ratidzo, na Anesu, mdogo wao wa mwisho wa miaka minne, ambaye alizaliwa nao ugonjwa ule na alimeza dawa za kliniki asubuhi na jioni. Dawa zile hazitaki tumbo tupu. Kwa hiyo kila kitu nyumbani pale, ukikifuata mpaka mwisho wake, kiliishia tumboni mwa Anesu.

Siku yenyewe ilikuwa ya Desemba. Muchaneta alikuwa anakoroga uji, moshi umejaa jikoni kwa sababu kuni zilinyeshewa. Mbuzi wao, jike mwekundu asiyezaa, alikuwa bado amelala karibu na mlango, kwa kuwa walilala naye humo humo kuogopa wezi. Mbuzi huyo walikuwa wamemwekea Januari. Unga ukiisha, angepelekwa kwa mwenye mashine ya kusaga, na wao wangepewa mahindi ya kuwafikisha mavunoni. Hawakuwa na kingine cha kubadilisha.

Ratidzo aliingia miguu imelowa umande.

"Dada, yamevuka tena."

"Yamefika wapi?"

"Kwenye karanga."

Alikuwa anayasema maboga. Jirani yao, bibi VaChihera, alipanda maboga ukingoni mwa shamba lake, na kila usiku yalitambaa kuvuka mpaka wa majani, na kila alfajiri Ratidzo aliyageuza yaelekee yalikotoka. Si wao si bibi aliyewahi kulitaja jambo hilo.

"Bibi yule," Muchaneta alisema, "analima akiwa amelala."

Ndipo filimbi ikalia uani.

"Hodi nyumba hii!"

Muchaneta alifunika sufuria kwanza. Alikuwa amezoea hivyo, maana watu waliofika kwao walikuja kuangalia kuna nini jikoni kuliko kusalimia. Kisha akatoka.

Alikuwa Jairosi, mjumbe wa Sabuku. Sabuku ndivyo tunavyomwita mkuu wa kijiji, na huyu wa kwao aliitwa Mudzamba. Kazi ya Jairosi ni kupita nyumba kwa nyumba akipuliza filimbi na kutangaza msiba, au siku ya kulima shamba la chifu, au siku ya mwiko ambayo jembe haligusi udongo. Lakini tangu mama yao azikwe, Jairosi alikuwa akifika kwa VaChihera, anapuliza, anasema la kusema, kisha anakata kona nyuma ya makaburi na kwenda nyumba ya mbele. Kwao hasimami. Sabuku alikuwa amekwisha sema kwamba pale ni mahame. Baba hayupo, mama hayupo, mtu mzima hayupo.

Na mahame hayatangaziwi kitu. Hayagawiwi mahindi ya shamba la chifu, yale ambayo kijiji kizima hulima kwa ajili ya mayatima na wazee. Shirika moja lilipoleta mablanketi ya mayatima, Sabuku alisema kwamba wale watoto walishachukuliwa na wajomba, na gari likageuza. Tena mahame yakikaa misimu miwili, shamba lake hurudi mikononi mwa Sabuku ampe amtakaye. Msimu wa kwanza ulikuwa umepita. Huu ulikuwa wa pili, na Elmon, mkwe wa Sabuku aliyeachishwa kazi mjini, alikuwa ameonekana akitembea katika shamba la marehemu Gumbo, baba yao, lile la kando ya kijito, akilipima kwa viatu vyake vya ngozi.

"Jana ulilima," alisema Jairosi.

"Jana ilikuwa Jumanne. Mwiko ni Ijumaa."

"Na msiba je? Shangazi mkubwa wa chifu kafariki. Juzi jioni nimetangaza, kesho jembe lisiguse udongo, nyumba zote."

"Zote?"

Jairosi akatazama ncha ya kiatu chake.

"Hapa hukupita, kaka Jairosi."

"Mimi sipangi njia. Napangiwa."

"Basi sisi tungejuaje?"

"Usiniletee maswali ya barazani, mdogo wangu. Mvua ikikasirika haiulizi nani alitangaziwa na nani hakutangaziwa. Faini ni mbuzi. Jua likifika utosini uwe kwa Sabuku." Akachungulia mlangoni. "Ni yule?"

"Kwani unaona mwingine?"

"Kakonda," alisema Jairosi. "Ila mapaja anayo."

"Nani kasema nililima?"

"Mwenye macho." Akapuliza filimbi bila sababu, akaondoka.

Anesu alikunywa uji, akapewa dawa, akakunja uso kama kawaida yake. Muchaneta hakula. Alikuwa anafikiria macho. Kutoka barabarani huwezi kuona shamba la kijitoni. Linaonekana kutoka kwenye njia ya kisimani, na kutoka uani kwa VaChihera. Akachukua ndoo.

Kisimani alimkuta Mama Loveness akipampu maji, na wanawake wengine wamejipanga. Salamu zilikuwa nyingi kuliko siku nyingine. Hilo nalo akaliweka moyoni.

"Tumesikia, mwanangu," alisema Mama Loveness. "Pole."

"Mmesikia kutoka kwa nani?"

"He! Unanitazama hivyo kwa nini? Nikuchongee mimi? Ningekuwa na mdomo huo si ningeanza na wenye ng'ombe, nile vizuri?"

Wanawake wakacheka. Muchaneta hakucheka.

"Ila mimi nikuulize wewe," Mama Loveness aliendelea, sauti imeshuka. "Jana mchana bibi yako VaChihera alikuwa anakwenda wapi na kile kitambaa chake cha kanisani? Nilimwona anapanda mlima kwenda kwa mtoto wa kaka yake. Siku ya msiba, watu wamekaa, yeye kajipamba. Mimi sisemi kitu. Nimeuliza tu."

Mtoto wa kaka yake ndiye Sabuku. VaChihera alizaliwa katika ukoo ule wa watawala, akaolewa mbali, akafiwa na mume, akarudi kwao akapewa kipande cha ardhi jirani na Gumbo. Alikuwa shangazi, na huku kwetu shangazi anaweza kumkaripia hata mkuu mbele ya wageni. Watu waliuogopa mdomo wake. Muchaneta aliogopa ukarimu wake. Karibu kila jioni bibi alifika na majani ya maboga au chumvi kidogo, anakaa, anauliza unga umebaki kiasi gani. Mtu anayetaka kujua unga wako umebaki kiasi gani anatafuta nini?

Alimkuta bibi mlangoni kwake, miguu imenyooshwa, anamenya nyuzi za majani ya maboga. Muchaneta alipiga magoti na kupiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa, lakini makofi yale yalikuwa ya mikono tu.

"Ni wewe, bibi?"

"Ni mimi nini?"

"Uliyesema."

VaChihera alivuta uzi mrefu wa jani, akautupia kuku. "Baraza ni jua la utosi?"

"Ndiyo."

"Basi una muda wa kumwosha mbuzi miguu. Usiende na mbuzi mchafu kama mtu aliyekamatwa."

"Nitawaambia sisi ni watoto. Nitawaambia hatukutangaziwa. Watanisamehe."

"Watakusamehe," alisema bibi. "Hilo ndilo ninaloliogopa."

"Unaogopa nisisamehewe?"

"Naogopa usamehewe. Hunisikii? Peleka mbuzi, funga kamba, nyamaza."

"Bibi, mbuzi yule ni Januari yetu."

"Namsikia akilia kila siku, nadhani mimi simjui?" Akachukua jani jingine. "Nenda kamwoshe."

Muchaneta alirudi nyumbani. Sasa hakuwa na shaka. Shangazi na mtoto wa kaka yake wanakula sahani moja. Huyu anachongea, yule anatoza, na maboga yanatambaa. Alimwosha mbuzi miguu, sijui kwa nini, hata yeye alisema hajui. Lakini njiani alikwisha amua. Ataomba msamaha, tena kwa kulia ikibidi, na atarudi na mbuzi wake.

Baraza lilikuwa nyuma ya zizi la Sabuku, magogo yamezunguka, yamelainika kwa makalio ya miaka mingi. Wanaume walikaa juu ya magogo, wanawake chini upande mmoja. VaChihera alikuwepo, na kile kitambaa cha kanisani. Elmon alikaa mwisho wa gogo, viatu vyake vinang'aa. Katikati kulikuwa na kigingi cha mti mgumu ambacho hufungwa mifugo ya faini. Hicho kina sheria yake. Ukishafunga kamba pale, mnyama si wako tena, wala huruhusiwi kuifungua.

Muchaneta alikaa chini, kamba imezunguka mkononi.

"Nani anamsemea?" Sabuku aliuliza. Mtoto wa kike hasemi barazani mwenyewe, husemewa na baba au baba mdogo.

"Ana mdomo," alisema VaChihera. "Nimeusikia asubuhi."

Watu wakacheka. Sabuku naye alitabasamu. Muchaneta alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kufoka, lakini Sabuku Mudzamba alisema kwa upole, kama mtu anayebembeleza ndama.

"Mwanangu, jana ulilima?"

"Nililima, Mhofu," alisema, akimwita kwa jina la ukoo kama inavyotakiwa. "Hatukutangaziwa. Naomba..."

"Ni kweli," Sabuku alidakia. "Hamkutangaziwa. Mnaona, wazee? Hawa ni watoto tu. Pale hakuna mtu mzima. Nimtoze nini mtoto yatima? Mimi pia nina moyo. Baraza linasamehe. Mwanangu, rudi na mbuzi wako."

Makofi yakapigwa. Mwanamke mmoja akasema Mungu akubariki, Mhofu. Muchaneta naye alipiga makofi, mwili umekuwa mwepesi ghafla, akasimama. Mbuzi naye akasimama.

"Tena, wazee," Sabuku aliendelea kwa sauti ile ile, "si vizuri watoto kukaa peke yao kwenye mahame. Nyoka, wezi, wahuni. Nimeshatuma neno kwa mjomba wao awachukue kabla ya Krismasi. Shamba nalo lisilale bure. Tutatafuta mtu wa kulishika."

Elmon alikuwa anatazama viatu vyake.

Mjomba. Muchaneta alimkumbuka siku ya maziko, alivyofunga cherehani ya mama kwa kamba juu ya mkokoteni, na alivyosema, mikono kiunoni: hawa wasichana wawili nitawapatia kazi kwa watu, lakini huyo mdogo mwenye dawa apelekwe kwenye kituo cha mayatima, mimi siwezi. Kisha akaondoka na cherehani, na watoto akawaacha.

Alimtafuta VaChihera kwa macho. Bibi alikuwa anatazama kwingine kabisa, anatafuna kitu, kana kwamba shauri lile halimhusu.

Watakusamehe. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Alisimama pale na kamba mkononi, na watu walikuwa wanangoja aondoke. Aliniambia kwamba wakati ule hakumwamini mtu yeyote, si Sabuku, si bibi, wala yeye mwenyewe. Lakini upole wa Sabuku ulimtisha kuliko ukali wa bibi.

"Mhofu, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Nilivyolima jana, lilikuwa kosa au halikuwa kosa?"

"Kosa lilikuwa kosa. Lakini tumesha..."

"Na shamba lililolimwa ni la nani?"

Sabuku alikohoa. "La marehemu Gumbo. Kila mtu anajua."

"Basi nyumba ya Gumbo imekosa," alisema Muchaneta, "na nyumba ya Gumbo imeleta mbuzi." Akapiga hatua mpaka kwenye kigingi, akafunga kamba. Akaongeza fundo la pili juu ya la kwanza.

"Mwanangu, nimekwambia umesamehewa."

"Asante, Mhofu. Lakini mahame hayalimi. Na mahame hayana mbuzi wa kulipa faini."

"Nani kamfundisha huyu?" Elmon aliuliza kwa sauti. "Mtoto gani anakataa msamaha? Kuna mtu nyuma yake!"

Wanaume walikuwa wanamtazama mbuzi. Kulikuwa na mzee mmoja, babu Pfende, ambaye hakukosa baraza hata moja na hakuwahi kusema la maana. Alichopenda ni nyama ya faini, na faini zilikuwa zimeadimika tangu kiangazi. Babu Pfende alipiga makofi mazito.

"Mhofu," alisema. "Mbuzi amefungwa. Mimi na mvi zangu hizi sijaona baraza likirudisha mbuzi aliyefungwa. Iliyokosewa ni ardhi, siyo wewe. Utaisamehea ardhi? Mvua ikikatika tutamwambia nani?"

"Kweli," akasema mwingine.

"Kweli kabisa," akasema wa tatu, naye akameza mate.

Makofi yakaenea kutoka gogo moja hadi jingine. Sabuku alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Haya. Baraza limepokea faini."

"Faini ya nani, Mhofu?" VaChihera aliuliza, bado anatafuna. "Sema jina. Wengine hapa masikio yamezeeka."

Sabuku alimtazama shangazi yake.

"Faini ya nyumba ya Gumbo," alisema.

Jairosi akaleta kisu.

Muchaneta hakuondoka, kwa sababu nyumba iliyolipa faini hungoja fungu lake, nayo ikiondoka bila fungu ni kama haikulipa. Alikaa ameutazama ukuta wa zizi mpaka sauti ya mbuzi ilipokatika. Ngozi alipewa VaChihera, kwa ushangazi wake. Bibi aliikunja, akaiweka kwapani, akaenda zake bila kumwangalia mtu. Elmon alipewa ini. Kisha Jairosi akasimama juu ya majani yenye nyama, akawa anaita nyumba moja moja, na karibu na mwisho, sauti imemkauka, akaita:

"Nyumba ya Gumbo!"

Alipewa mfupa wa mguu na kipande cha pafu.

Jioni aliupika mfupa ule na majani ya maboga yaliyokuwa yamebaki. Ratidzo alikaa mbali na sufuria.

"Ni yeye?"

"Ni nyama. Kula."

"Ni yeye, dada."

"Nimesema kula."

Ratidzo alikula sadza kavu, ugali bila mchuzi. Anesu alikula nyama yake na ya Ratidzo, akalamba vidole, akameza dawa bila kukunja uso. Kisha akauliza, "Mbuzi yuko wapi?"

"Kaenda barazani."

"Anarudi?"

"Nawa mikono."

VaChihera alipita jua likizama, na majani mengine ya maboga kwenye kikapu. Safari hii hakukaa.

"Ni wewe uliyesema," Muchaneta alimwambia. Hakupiga magoti.

"Kwani nani mwingine?"

"Uliniona tangu asubuhi nikilima. Ungeniita tu. Ungesema, mtoto, leo ni mwiko."

"Ningekuita, ungerudi nyumbani na jembe lako, na Krismasi mjomba wako angekuja na mkokoteni."

"Ungenieleza."

"Ungeniamini?"

Bibi aliweka kikapu chini.

"Na ngozi?" alisema Muchaneta.

"Ngozi ni ya shangazi. Ndivyo ilivyo." Akageuka. Baada ya hatua chache akasema bila kutazama nyuma, "Na huyo mdogo wako anayeyageuza kila alfajiri mwambie, maboga hayasomi mipaka."

Muchaneta aliyapekua majani yale mpaka chini ya kikapu, kutafuta hajui nini. Yalikuwa majani tu.

Kiza kilikuwa kinaanza kuingia filimbi ilipolia. Ililia kwanza kwa VaChihera. Muchaneta alisubiri isikike nyuma ya makaburi kama siku zote. Haikusikika huko. Ililia uani kwao.

"Nyumba ya Gumbo! Kesho palizi ya shamba la chifu! Kila nyumba jembe moja, kabla ya jua!"

Akatoka mlangoni. "Kaka Jairosi. Shamba la chifu ni la mayatima, siyo?"

"Ndiyo."

"Sisi ni nani?"

"Ninyi ni nyumba," alisema Jairosi. "Umeipigania mwenyewe mchana. Nyumba inalima."

"Na mahindi yake?"

"Mgao umeshapita, mwezi uliopita. Mpaka mavuno."

"Mavuno ni Aprili."

"Mimi sipangi." Alisimama kidogo, akachezea filimbi. "Lazima ujibu, mdogo wangu. Usipojibu itakuwa sikutangaza."

Muchaneta alitazama upande wa kijito. Shamba lilikuwa halionekani tena.

"Nyumba ya Gumbo imesikia," alisema.

Aliingia ndani, akaegemeza jembe mlangoni, mpini umekaza ubao kwa ndani. Likae tayari kwa kesho, na mtu akisukuma usiku lianguke apate kusikia. Ratidzo alikuwa amejifunika mpaka kichwani, analia, kisha akaacha kulia kwa kuwa amelala. Anesu alibiringika usingizini mpaka karibu na mlango, mahali ambapo mbuzi alikuwa akilala, akajikunja hapo. Muchaneta alitaka kumvuta arudi kwenye mkeka, kisha akaenda na blanketi akalala karibu naye. Alisikiliza kama kuna viatu vinatembea shambani. Alifikiria Januari, akaiacha, akafikiria maboga, ambayo kwa hakika yalikuwa yameshaanza kuvuka. Jembe halikuanguka. Akalala.